Kichwa Kinauma: Kutambua Aina ya Maumivu na Kuchagua Tiba Inayofaa

Watu wengi huyapima maumivu ya kichwa kwa ukali wake na kwa mahali yanapouma, ilhali vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyopotosha zaidi. Kipandauso huweza kuuma pande zote mbili, maumivu ya mkazo, yale ya kubana kichwa, huweza kukaa upande mmoja, na uvimbe ndani ya fuvu huweza kuanza na maumivu madogo tu. Mambo yanayotenganisha aina hizi ni muda ambao shambulio moja hudumu, namna mgonjwa anavyojiweka linapomshika, na dalili zinazoandamana nalo. Mwongozo huu unahusu hasa maumivu ya msingi, yaani yale ambayo kichwa chenyewe ndicho chenye ugonjwa, wala si ishara ya homa, jeraha au ugonjwa mwingine. Hata hivyo, mtu hawezi kuyafikia hayo bila kwanza kuyaondoa yale ya hatari.

Maumivu yasiyosubiri

Maumivu yanayolipuka ghafla na kufikia kilele chake ndani ya dakika moja, kiasi kwamba mgonjwa anasema hajawahi kuumwa hivyo maishani, huenda yametokana na mshipa wa damu uliopasuka kwenye ubongo. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama baada ya muda anajisikia nafuu. Maumivu yenye homa na shingo iliyokakamaa, kuchanganyikiwa au degedege huashiria homa ya uti wa mgongo. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi huanza polepole, kwa kichwa kinachouma siku hadi siku na pengine bila homa kali, na kwa sababu hiyo mara nyingi hucheleweshwa.

Mjamzito aliyevuka wiki ya 20 ambaye kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu au vimulimuli, au uso na mikono vimevimba, apimwe presha na mkojo siku hiyohiyo, kwa kuwa hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Mtu mwenye zaidi ya miaka 50 anayepata maumivu mapya ambayo hakuwahi kuwa nayo, hasa yakiambatana na panja linalouma likiguswa au taya linalochoka wakati wa kutafuna, anahitaji daktari haraka, maana ugonjwa wa mishipa ya panja huweza kuondoa uwezo wa kuona. Kwenye kundi hilo la dharura waongezwe pia mtu aliyepooza upande mmoja au aliyepotewa na usemi, aliyeumia kichwa siku au wiki chache zilizopita, anayeamka kila asubuhi na maumivu na kutapika, ambaye maumivu yake huzidi akikohoa au akilala, na mwenye jicho jekundu linaloona duara za rangi kuzunguka taa.

Ipo sababu moja ambayo husahaulika kwenye maeneo ya baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru: jiko la mkaa lililoachwa linawaka ndani ya chumba kilichofungwa. Watu wawili au watatu waliolala chumba kimoja wakiamka wote na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, hiyo ni sumu ya moshi wa mkaa usioonekana. Watoke nje kwanza, kisha waende hospitali.

"Ni malaria tu" au "ni presha tu"

Kichwa kinachouma pamoja na homa kipimwe malaria. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika zisizozidi 20. Tatizo lipo kwa mtu ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akipata maumivu ya namna ileile, bila homa, yanayoisha yenyewe baada ya siku moja au mbili, na kila mara humeza dozi ya dawa ya mseto ya malaria bila kupima. Maumivu hayo yangeisha hata bila dawa hiyo, naye huamini kuwa ndiyo iliyomponya, basi ugonjwa wake halisi hukaa miaka mingi bila jina. Hali ni hiyohiyo kwa wale wanaoambiwa wana "sainasi", yaani uvimbe wa mianzi ya pua. Kipandauso chenyewe huweza kutoa machozi na kuziba pua. Kama hakuna homa wala kamasi nzito yenye usaha, maumivu yanayorudi kila mwezi hayaelekei kuwa ya mianzi ya pua.

Kuhusu presha, shinikizo la damu lililopanda kwa kiasi cha kawaida kwa sehemu kubwa haliumizi kichwa. Linapofika 180 kwa 120 au zaidi huweza kuleta maumivu, na hapo hospitali haiepukiki. Imani ya kwamba kichwa ndicho kipimo cha presha ina madhara mawili: mwenye kipandauso hutibiwa presha asiyo nayo, na mwenye presha huacha dawa kwa sababu kichwa hakimuumi.

Maswali ya kuanzia

Baada ya kuondoa ya hatari, jiulize kwanza: shambulio moja likiachwa bila dawa hudumu muda gani? Kama ni kati ya dakika 15 na saa tatu, na hurudi siku nyingi mfululizo, fikiria maumivu ya klasta, yaani yale makali ya jicho moja yanayokuja kwa vipindi. Kama ni kati ya saa 4 na saa 72, fikiria kipandauso. Maumivu ya mkazo yana uwanja mpana zaidi, kuanzia nusu saa hadi siku saba, kwa hiyo muda peke yake hauyatambulishi.

Swali la pili ni hili: yanapokushika unafanya nini? Mwenye maumivu ya mkazo huendelea na kazi huku akilalamika. Mwenye kipandauso hutafuta kitanda, giza na kimya, na kupanda ngazi tu humzidishia. Mwenye klasta hawezi kulala wala kukaa. Huzunguka chumbani, hujishika jicho, wengine hugonga kichwa ukutani. Mtu anayemwangalia mgonjwa kwa dakika tano tu huweza kujua mengi kuliko picha ya kichwa, na ni jambo la kusikitisha kwamba familia nyingi huuza mbuzi ili kulipia picha hiyo wakati maelezo ya mgonjwa yangetosha.

Yapo pia maswali matatu mafupi yanayotumiwa kutambua kipandauso. Je, ndani ya miezi mitatu iliyopita maumivu yamekuzuia kufanya shughuli zako kwa siku moja au zaidi? Je, yakija unapata kichefuchefu? Je, mwanga hukusumbua kuliko kawaida? Anayejibu ndiyo kwa mawili kati ya matatu ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kipandauso.

Mwisho, hesabu siku. Chukua daftari, andika kila siku ya maumivu, saa yalipoanza na kuisha, dawa uliyomeza na kiasi chake, na kwa mwanamke, siku za hedhi. Kumbukumbu ya mdomo haifai kwa kazi hii. Mtu anayesema anameza dawa "mara mojamoja" hujikuta, daftari likifunguliwa, ametumia siku 18 kwa mwezi.

Kichwa kimebanwa pande zote, lakini kazi inaendelea

Haya ni maumivu ya mkazo, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko yote. Hubana kuzunguka kichwa kama kilemba kilichokazwa kupita kiasi, hayapwiti, ni madogo au ya wastani, hayaongezeki kwa kutembea, na hayaleti kutapika. Misuli ya shingo na mabega mara nyingi huuma ikibonyezwa. Visababishi vinavyojulikana ni usingizi mdogo, msongo wa mawazo, kuinama muda mrefu juu ya cherehani, simu au kompyuta, na kukosa chakula.

Paracetamoli ya miligramu 1000, yaani vidonge viwili vya 500, au ibuprofeni ya miligramu 400 hutosha kwa mtu mzima, mradi isiwe zaidi ya siku mbili kwa wiki. Yanapofika siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu huitwa sugu, na hapo vidonge vya maumivu havina tena msaada wa maana. Daktari huweza kuanzisha amitriptilini kwa dozi ndogo, miligramu 10 kila usiku na kuongezwa taratibu, pamoja na mazoezi na kunyoosha shingo. Ni vizuri mgonjwa aelezwe kwamba amitriptilini, ambayo pia hutumika kutibu sonona, haikuandikwa hapa kwa sababu amefikiriwa kuwa na ugonjwa wa akili, maana wengi huisoma karatasi iliyomo kwenye pakiti na kuiacha siku hiyohiyo.

Kichwa kinapwita na unatafuta giza

Kipandauso huanza kabla ya maumivu. Siku moja kabla, mtu hupiga miayo isiyo na sababu, hukasirika upesi, hutamani vitu vitamu, au shingo hukaza. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hupata aura, yaani dalili za mishipa ya fahamu zinazotangulia maumivu, kwa kawaida machoni: mstari wa zigizaga unaong'aa, doa lisiloona linalopanuka, au ganzi inayopanda kutoka vidoleni kwenda mkononi hadi mdomoni. Aura hutambaa polepole kwa dakika tano au zaidi na huisha ndani ya saa moja. Kiharusi chenyewe huja kwa mpigo mmoja. Anayepata aura kwa mara ya kwanza maishani asijipe uhakika huo peke yake, apimwe.

Kisha huja maumivu yenyewe, ya wastani au makali, mara nyingi upande mmoja, yakipwita pamoja na moyo, na pamoja nayo kichefuchefu au kuchukia mwanga na sauti. Baada yake mtu hubaki mchovu siku nzima. Wanawake hupata kipandauso mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na kwa wengi wao hufuata hedhi. Kwa watoto shambulio huwa fupi zaidi, huuma pande zote mbili, na mara nyingine tumbo ndilo hulalamikiwa kuliko kichwa. Mtoto anayeacha kucheza, akalala chumbani mchana na kuamka mzima, afikiriwe ugonjwa huu.

Kosa kubwa katika tiba ni kuchelewa na kumeza kidogo. Mgonjwa huvumilia hadi maumivu yafike kileleni, kisha humeza kidonge kimoja, na tumbo ambalo kipandauso kimelizubaisha halikisukumi kwenda mbele. Dawa imezwe mapema, maumivu yakiwa bado madogo, na kwa dozi kamili: aspirini miligramu 900 hadi 1000, ikiwezekana ile ya kuyeyusha kwenye maji, au ibuprofeni miligramu 400 hadi 600. Asiyeweza kutumia hizo atumie paracetamoli miligramu 1000. Metoklopramidi miligramu 10, kwa agizo la mtaalamu, huzuia kutapika na pia hulisukuma tumbo ili dawa nyingine ifyonzwe. Anayetapika kila kitu huweza kupewa diklofenaki ya kuweka njia ya haja kubwa au ya sindano.

Aspirini na ibuprofeni zina watu zisiowafaa: wenye vidonda vya tumbo, wenye figo dhaifu, wenye pumu inayochochewa na dawa hizo, na wajawazito, hasa baada ya wiki ya 20. Aspirini haifai kwa watoto walio chini ya miaka 16. Zaidi ya hayo, kichwa kinachouma pamoja na homa wakati dengi imeenea, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, kisitibiwe kwa dawa hizi kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu. Hapo paracetamoli pekee ndiyo salama.

Kama dawa hizo zimeshindwa katika mashambulio matatu, ingawa zimemezwa mapema na kwa dozi kamili, zinafuata triptani, kundi la dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa kipandauso. Sumatriptani ya miligramu 50 au 100 iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ingawa kuiona kwenye maduka ya dawa nje ya miji mikubwa bado ni bahati. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa. Ergotamini ni dawa ya zamani ambayo bado huuzwa, nayo inahitaji tahadhari ambayo haielezwi vya kutosha dirishani: mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye ritonaviri, lopinaviri au atazanaviri asiimeze kabisa, kwani mishipa ya mikono na miguu huweza kujifunga hadi kidole kufa. Vivyo hivyo kwa anayetumia erithromaisini au klarithromaisini. Ergotamini na triptani zisichanganywe ndani ya saa 24. Tramadoli, inayopatikana kwa urahisi unaotisha, si dawa ya kipandauso.

Mwanamke anayepata aura asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa hatari ya kiharusi huongezeka, na huongezeka zaidi akivuta sigara. Sindano, vijiti na kitanzi havina estrojeni. Aende kliniki abadilishiwe, asiache tu.

Mashambulio yakifika siku nne au zaidi kwa mwezi, au yakiwa machache lakini yanamlaza mtu kabisa, dawa ya kinga inahitajika. Propranololi ndiyo inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa hadi miligramu 80 au 160 kwa siku, isipokuwa kwa wenye pumu, ambao haiwafai. Amitriptilini huwafaa wanaokosa usingizi. Topirameti hupunguza hamu ya kula na huweza kumdhuru mtoto tumboni. Valproeti isitumiwe kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Dawa yoyote ya kinga hupewa miezi miwili hadi mitatu kwenye dozi kamili kabla ya kuhukumiwa, na kupungua kwa mashambulio kwa nusu huhesabiwa kuwa mafanikio. Wengi huiacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi, jambo ambalo ni sawa na kutoijaribu.

Chale kwenye paji la uso bado huchanjwa kwa ajili ya kipandauso. Ninaheshimu wazee waliotutangulia, lakini wembe uliotumika kwa mtu mwingine huleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Jicho moja linauma vibaya, na huwezi kutulia

Maumivu ya klasta ni nadra, huwapata zaidi wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Huchoma nyuma ya jicho au kwenye panja, upande uleule kila mara, kuanzia mara moja kila siku mbili hadi mara nane kwa siku. Jicho la upande huo hutoa machozi na kuwa jekundu, kope hushuka, mboni husinyaa, na tundu la pua huziba au kutiririka. Mengi huja usiku, saa moja au mbili baada ya kulala, kwa saa ileile inayojirudia. Kipindi hudumu wiki kadhaa hadi miezi mitatu, kisha hupotea kwa miezi au miaka. Pombe, hata kidogo, huliamsha shambulio wakati wa kipindi hicho. Wapo waliong'olewa jino lisilo na ugonjwa kwa sababu maumivu yalishuka hadi kwenye taya.

Vidonge vya kawaida havifai hapa, kwa kuwa shambulio huisha kabla havijaanza kufanya kazi, na nafuu inayoonekana hutokana na muda kupita, si na dawa. Tiba ni oksijeni safi, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko, kwa muda wa dakika 15 hadi 20 mgonjwa akiwa ameketi. Hospitali yenye mtungi ina dawa hiyo tayari, ila mara nyingi mgonjwa hapewi kwa sababu kiwango cha oksijeni kwenye kidole chake ni cha kawaida. Aombe daktari aandike maelekezo mapema. Sindano ya sumatriptani ya miligramu 6 chini ya ngozi hufanya kazi ndani ya dakika 15. Kinga ni verapamili chini ya daktari, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuongeza dozi, na prednisoloni kwa muda mfupi wakati verapamili inasubiriwa.

Kichwa kinauma karibu kila siku, na dawa husaidia kwa saa chache tu

Hapa mara nyingi dawa yenyewe ndiyo imekuwa chanzo. Mtu mwenye kipandauso au maumivu ya mkazo anayemeza paracetamoli, aspirini au ibuprofeni kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, hupata maumivu mapya yanayodai kidonge kingine. Kwa triptani, ergotamini, tramadoli, kodeini na vidonge vya mchanganyiko, mpaka ni siku 10 tu. Vidonge vya mchanganyiko vyenye aspirini, paracetamoli na kafeini vinavyouzwa kimojakimoja kila kioski vinahusika kuliko mtu anavyodhani.

Tiba ni kuacha. Dawa za kawaida huachwa kwa mkupuo mmoja. Tramadoli na kodeini hupunguzwa taratibu chini ya mtaalamu. Maumivu huzidi kwa siku mbili hadi kumi, pamoja na kichefuchefu na kukosa usingizi, kwa hiyo ni busara kuchagua wiki isiyo na mtihani wala safari. Dawa ya kinga huweza kuanzishwa siku hiyohiyo. Sura halisi ya ugonjwa wa awali huonekana baada ya takriban miezi miwili.

Kichwa kinachouma alasiri za mwanzo wa Ramadhani

Maumivu haya huanza baada ya saa nyingi bila chakula na huisha baada ya kufuturu. Sehemu kubwa huchangiwa na kukatishwa kahawa na chai ghafla, na usingizi kukatwa kwa ajili ya daku. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku apunguze kidogokidogo kuanzia wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, anywe kikombe kimoja wakati wa daku, na asiruke daku. Mwenye kipandauso kikali azungumze na daktari kabla ya mwezi kuanza ili saa za dawa ya kinga zihamishiwe usiku.

Yote yamefanyika na bado

Rudi kwenye daftari kabla ya kubadilisha dawa. Angalia kama ilimezwa ndani ya saa ya kwanza, kama dozi ilikuwa kamili, na kama siku za dawa hazijapita mpaka. Kama yote ni sawa, huenda aina yenyewe ilikosewa. Maumivu ya upande mmoja yasiyokoma kwa zaidi ya miezi mitatu, yakiongezeka mara kwa mara pamoja na machozi upande huohuo, au mashambulio yanayofanana na klasta lakini ya dakika 2 hadi 30 na yanayokuja zaidi ya mara tano kwa siku, ni ya kundi dogo linalotii dawa ya maumivu iitwayo indometasini karibu kwa ukamilifu. Daktari huitoa kama jaribio, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Maumivu yakitoweka kabisa, utambuzi umethibitishwa, na yasipotoweka kwa dozi ya kutosha, hapo ndipo rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu na picha ya kichwa huwa na sababu.